Yoga na Mashine ya Kukimbilia: Kipi Kinafanya Kazi Gani?



Katika robo mwaka iliyopita ofisi ya miradi imepokea barua kutoka kamati za sharika tatu, na ujumbe kutoka kwa baadhi ya marafiki wetu, zote zikiuliza jambo linalofanana. Vikundi vya afya vilivyoanza kufanya yoga katika kumbi za sharika vinataka kujua kama mazoezi hayo yanamtosha mtu mwenye presha au kisukari, au kama ipo haja ya kuongeza mashine ya kukimbilia, ile ambayo wengine huiita tredimili. Marafiki nao wanauliza kama wapakie mashine hizo kwenye kontena lijalo, kwa kuwa huko kwao zipo nyingi zilizotumika miezi miwili tu kisha zikageuka mahali pa kuanikia nguo. Kuna pia washarika wachache, hasa wa mijini, waliokwisha kununua mashine yao na kuiweka sebuleni, na sasa wanajiuliza kama yoga bado ina kazi.

Tumeona ni vyema tujibu hapa mara moja kwa wote. Jambo lenyewe si dogo. Utafiti wa kitaifa uliofanyika Tanzania mwaka 2012 ulionyesha kwamba takriban mtu mzima mmoja kati ya wanne, wa umri wa miaka 25 hadi 64, alikuwa na shinikizo la damu lililo juu. Katika vikundi vyetu wengi ni walimu, wahasibu, watumishi wa ofisi na wastaafu, watu ambao kazi yao huwakalisha kitini kutwa. Mama anayepanda mlima kila siku na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani hatumzungumzii hapa. Huyo mashine yake ni mlima, na haihitaji umeme.

Tulichojifunza kutoka kwa makondakta wa London

Mwaka 1953 daktari Mwingereza Jeremy Morris na wenzake walichapisha katika jarida la The Lancet matokeo ya utafiti wao juu ya wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya jijini London. Dereva na kondakta walikuwa watu wa hali moja ya maisha, kampuni moja na basi moja. Tofauti yao kubwa ilikuwa kwamba dereva aliketi saa zote za kazi, wakati kondakta alipanda na kushuka ngazi akikata tiketi, mamia ya vipandio kwa siku. Ilibainika kwamba makondakta waliugua moyo kwa kiwango kidogo kuliko madereva, na pale walipougua, mara nyingi ugonjwa ulikuja baadaye zaidi na haukuua haraka kama kwa madereva. Watafiti waliofuata waliuchambua na kuukosoa utafiti huo, kwa mfano kwa kuonyesha kwamba madereva walikuwa wanene tangu walipoajiriwa, lakini wazo lake kuu limesimama: moyo unahitaji kazi, tena kazi ya mara kwa mara.

Swali ni kazi kiasi gani. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unamshauri mtu mzima afanye mazoezi ya kiwango cha kati kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki, au ya nguvu zaidi kwa dakika 75 hadi 150, au achanganye aina hizo mbili. Aidha, unamtaka aimarishe misuli siku mbili au zaidi kwa wiki. Kwa wenye umri wa miaka 65 na kuendelea unaongeza mazoezi ya nguvu na ya kusimama imara bila kuyumba, siku tatu au zaidi, ili kuzuia kuanguka.

Wataalamu hupima uzito wa zoezi kwa kulilinganisha na mtu aliyeketi kimya. Mtu aliyeketi anahesabiwa 1. Zoezi la kiwango cha kati huanzia 3, yaani mwili unatumia nguvu mara tatu ya mtu aliyeketi. Yoga ya taratibu, ya kushika mkao na kupumua, hukadiriwa kuwa 2.5 hivi. Kutembea kwa mwendo wa kilometa 5 kwa saa kwenye ardhi tambarare ni takriban 3.5. Hapo ndipo jibu la swali la kwanza lilipo. Mtu anayefanya yoga ya taratibu mara tatu kwa wiki, hata kwa bidii na kwa miaka, anaweza kuwa na mwili mwepesi na usingizi mzuri huku moyo wake ukiwa haujapata dakika hizo 150.

Hatusemi yoga zote ni sawa. Ipo inayofanywa kwa kasi, mikao ikifuatana bila kupumzika, nayo huvuka kiwango hicho cha 3. Lakini vikundi vyetu vingi vina watu wa miaka hamsini na sitini wenye magoti yanayouma, na wanachofanya ni ile ya taratibu. Kwao hesabu tuliyoitoa ndiyo inayohusika.

Nini yoga inafanya ambacho mashine haifanyi

Wapo waliosoma maelezo kama haya na kuhitimisha kwamba yoga iachwe. Hilo si sahihi. Mashine ya kukimbilia inafanya jambo moja tu, nalo inalifanya vizuri: inakutembeza mbele, hatua ile ile, upana ule ule, juu ya mkanda ulionyooka. Mtu anayetembea hatua 100 kwa dakika kwa nusu saa anarudia tendo moja mara 3,000. Hakuna jiwe la kuruka, hakuna kona, hakuna mtu wa kupisha. Misuli ya ndama na ile ya mbele ya nyonga inafanya kazi bila kunyooshwa hadi mwisho, mabega hukaza, na wengi huinamisha shingo kutazama namba zinavyobadilika. Baada ya wiki chache mtu huanza kulalamika kiuno na visigino, na kuilaumu mashine.

Yoga inakwenda kwenye sehemu hizo hizo ambazo mashine haifiki. Inaupinda uti wa mgongo mbele, nyuma na pembeni, inafungua nyonga, inamfundisha mtu kusimama kwa mguu mmoja. Mwaka 2017 chama cha madaktari bingwa wa magonjwa ya ndani cha Marekani, katika mwongozo wake kuhusu maumivu sugu ya kiuno, kiliitaja yoga miongoni mwa mambo ya kujaribiwa kabla ya kukimbilia dawa. Kusimama kwa mguu mmoja nako si mchezo wa watoto. Kwa mzee, tofauti kati ya kuyumba na kuanguka inaweza kuwa tofauti kati ya kuendelea kutembea na kuvunjika nyonga, na wauguzi wetu wanajua jinsi nyonga iliyovunjika inavyoweza kumlaza mtu asiinuke tena.

Kuna pia kupumua. Katika yoga mtu hufundishwa kuvuta pumzi polepole kwa pua na kuitoa polepole zaidi. Anayezoea hivyo akipanda kwenye mashine hutambua mapema kwamba ameanza kuhema kwa kifua cha juu, na hupunguza mwendo kabla hajaishiwa. Tumeliona hili kwa wanavikundi wetu zaidi ya mara moja, na kwa maoni yetu ndiyo faida ya yoga ambayo watu huitaja kidogo kuliko inavyostahili.

Kuhusu imani

Baadhi ya kamati zimeuliza, kwa haki kabisa, kama yoga inafaa katika ukumbi wa usharika. Yoga ilizaliwa India, ndani ya dini na falsafa za huko, na hatuna sababu ya kulificha hilo. Mafundisho ya mikao kama yanavyojulikana leo yalipata sura yake kwa sehemu kubwa katika karne ya 20. Mwalimu T. Krishnamacharya aliyafundisha katika jumba la kifalme la Mysore katika miaka ya 1930, na mwanafunzi wake B.K.S. Iyengar aliyasambaza duniani kwa kitabu chake cha mwaka 1966. Mwezi Desemba 2014 Umoja wa Mataifa uliitangaza tarehe 21 Juni kuwa siku ya kimataifa ya yoga, ikaadhimishwa kwa mara ya kwanza mwaka 2015. Majina ya baadhi ya mikao bado yana asili yake. Mfululizo maarufu wa mikao kumi na miwili, kwa mfano, jina lake lina maana ya kulisalimu jua.

Msimamo tunaowashauri viongozi wa vikundi ni huu: mikao ya mwili na kupumua vinaweza kufanywa kama mazoezi, bila nyimbo wala maneno ya ibada ya dini nyingine, na kiongozi aeleze asili yake bila kuzungukazunguka. Yule ambaye dhamiri yake haimruhusu asilazimishwe wala asisemwe. Atembee, na baada ya kutembea anyooshe viungo kama wanavyofanya wachezaji wa mpira. Mwili wake utapata sehemu kubwa ya faida tunayoieleza hapa.

Jinsi ya kuviunganisha

Swali tunaloulizwa zaidi ni kipi kitangulie. Kwa siku ya yoga, kutembea kutangulie, lakini kwa ufupi. Dakika 10 za mwendo wa pole hupasha misuli joto, na misuli yenye joto hunyooka kwa urahisi kuliko ile iliyotoka kitandani saa kumi na moja alfajiri. Mtu akianza na mikao mirefu mwili ukiwa baridi, anaweza kujiumiza nyuma ya mapaja. Kwa siku ya mashine, yoga ije mwisho. Kushika mkao wa kunyoosha kwa zaidi ya dakika moja kabla ya zoezi la nguvu hupunguza kwa muda uwezo wa misuli kusukuma, kwa hiyo mikao hiyo ihifadhiwe kwa baadaye.

Kushuka kwenye mashine nako kuna utaratibu. Mtu anapotembea kwa nguvu, misuli ya miguu husaidia kuirudisha damu juu kwenye moyo. Akisimama ghafla, msaada huo unakatika, damu hubaki miguuni na kichwa huzunguka. Kwa hiyo dakika tano za mwisho mwendo upunguzwe kidogo kidogo hadi ule wa kuongoza watoto wadogo barabarani. Kisha ashuke, anywe maji, ndipo afanye mikao mitatu au minne inayoelekezwa pale mashine ilipokaza: kuegemea ukuta mguu mmoja ukiwa nyuma na kisigino kikiwa chini, kwa ajili ya ndama, kupiga goti moja na kusogeza nyonga mbele, kwa ajili ya mbele ya paja, kushika mgongo wa kiti na kurudi nyuma hadi mgongo unyooke, kwa ajili ya mabega na kiuno, na mwisho kulala chali. Aliyelala chali akapumzika asirudi kwenye mashine siku hiyo. Mwili umeshaambiwa kazi imekwisha.

Wiki moja inaweza kupangwa hivi. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa ni yoga ya dakika 45, ikitanguliwa na dakika 10 za kutembea. Jumanne, Alhamisi na Jumamosi ni mashine kwa dakika 30, ikifuatiwa na dakika 10 za kunyoosha. Hapo mtu ana dakika 120 za kutembea. Jumapili akienda ibadani kwa miguu dakika 15 na kurudi dakika 15, bila kuzurura na mazungumzo njiani, anatimiza 150. Kwa anayeanza, hiyo ni ndoto ya miezi mitatu ijayo. Aanze na dakika 10 mara tatu kwa wiki na kuongeza dakika mbili au tatu kila wiki.

Mwendo gani? Wauguzi wetu wanatumia kipimo cha mazungumzo, nasi tunakipenda kwa sababu hakihitaji kifaa. Mtu akiweza kuzungumza sentensi nzima lakini akashindwa kuimba, yuko katika kiwango cha kati. Akiweza kuimba ubeti wote, aongeze. Akishindwa kumaliza sentensi, apunguze. Kwa watu wengi kiwango hicho kiko kati ya kilometa 4 na 6 kwa saa. Jina la mashine lisimdanganye mtu kwamba ni lazima akimbie. Kukimbia si sharti.

Mtu akizoea, aongeze mwinuko kabla ya kuongeza kasi. Kutembea kilometa 5 kwa saa kwenye mwinuko wa asilimia 5 huongeza kazi ya moyo kwa zaidi ya nusu ukilinganisha na tambarare, na magoti hayapigwi kama yanavyopigwa wakati wa kukimbia. Lakini hesabu hiyo inaharibika mtu akining'inia kwenye vishikio. Vishikio ni vya kupandia, kushukia na dharura. Anayeshindwa kutembea bila kuvishikilia amejiwekea mwendo mkubwa mno, isipokuwa kama ni mgonjwa aliye chini ya mtaalamu wa tiba ya viungo.

Nani awe mwangalifu

Mwenye presha ambayo haijadhibitiwa asianze chochote kabla ya kupimwa. Katika yoga, asifanye mikao ya kichwa chini na miguu juu. Mwenye ugonjwa wa macho wa glakoma naye aiepuke, kwa kuwa mikao hiyo huongeza msukumo ndani ya jicho. Wote wawili wanaweza kutembea kwa mwendo wa pole baada ya ruhusa ya daktari.

Wanaotumia dawa za moyo au presha kama atenolol na propranolol wasitegemee namba ya mapigo ya moyo inayoonyeshwa na mashine. Dawa hizo huyazuia mapigo yasipande, hivyo namba inaweza kuonekana ndogo wakati mtu amechoka kweli. Kipimo cha mazungumzo kinawafaa zaidi.

Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge kama glibenklamidi awe na sukari au juisi karibu, kwa kuwa zoezi linaweza kuishusha sukari yake kupita kiasi, hata saa kadhaa baadaye. Jasho baridi, kutetemeka na kuchanganyikiwa ni dalili za kuacha mara moja. Miguu yake nayo inahitaji macho. Yoga hufanywa pekupeku, lakini kwenye mashine asipande bila viatu vilivyofungwa na soksi, na baada ya zoezi akague nyayo zake. Kidonda kidogo kisichosikika maumivu ndicho kinachoanzisha safari ya kukatwa mguu. Kandambili zisionekane kabisa juu ya mkanda.

Maumivu ya kifua, kukosa pumzi kusikolingana na kazi, au kizunguzungu kisichoisha si uchovu wa kawaida. Kiongozi wa kikundi asimwombee tu na kumwambia apumzike, ampeleke hospitali.

Historia fupi ya chombo hiki

Huenda wasomaji wakashangaa kusikia kwamba mashine hii ilianza kama adhabu. Mwaka 1818 mhandisi Mwingereza William Cubitt alibuni gurudumu kubwa lenye vipandio ambalo wafungwa walilikanyaga kwa saa nyingi kwa siku, wengine wakisaga nafaka na wengine wakizungusha hewa tu. Sheria ya Magereza ya mwaka 1898 ndiyo iliyolikomesha nchini Uingereza. Mnamo mwaka 1952 daktari Robert Bruce na mhandisi Wayne Quinton wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, walitengeneza ya mkanda kwa ajili ya kupima mioyo ya wagonjwa, na hadi leo hospitali hutumia utaratibu wa Bruce wa kuongeza kasi na mwinuko kila dakika tatu. Ya nyumbani ilikuja baada ya daktari Kenneth Cooper kuandika kitabu kuhusu mazoezi ya moyo mwaka 1968. Fundi mitambo William Staub alikisoma, akaona watu wanahitaji mashine ya bei nafuu, akaitengeneza. Alifariki mwaka 2012 akiwa na umri wa miaka 96.

Umeme, maili na watoto

Sasa tuje kwenye maswali ya wafadhili na ya kamati zinazotaka kupokea. Umeme wa Tanzania ni volti 230. Ujerumani na nchi nyingi za Ulaya ni hivyo hivyo, kwa hiyo mashine ya kutoka huko mara nyingi inahitaji kubadilishiwa plagi tu. Marekani umeme ni volti 120. Mashine ya Marekani ikichomekwa moja kwa moja kwenye soketi zetu, bodi yake ya umeme itaungua, pengine kabla mtu hajapanda. Stebilaiza haitasaidia hapo, kwa kuwa kazi yake ni kutuliza umeme unaopanda na kushuka. Inahitajika transfoma. Kama kibao cha mashine kinasema volti 120 na ampea 12, hiyo ni wati 1,440, na kwa kuwa mota huvuta umeme mwingi inapoanza, transfoma iwe na uwezo wa angalau mara mbili ya huo. Transfoma ya namna hiyo ni nzito na ni ghali, na bei yake inapaswa kuwekwa kwenye hesabu tangu mwanzo.

Kuna jambo jingine kuhusu za Marekani ambalo halionekani mpaka mtu ameanguka. Nyingi huhesabu kwa maili. Aliyezoea kilometa 5 kwa saa akibonyeza 5 kwenye mashine hiyo anajikuta anakimbizwa kilometa 8. Usharika wowote utakaopokea mashine ya namna hiyo ubandike karatasi juu yake kwa maandishi makubwa: 3 ya hapa ni karibu 5 ya kwetu.

Umeme wa LUKU nao uhesabiwe. Tuchukue mashine inayotumia wastani wa wati 800. Kwa nusu saa inakula uniti 0.4. Watu watano kwa siku ni uniti 2, na kwa mwezi wa siku 30 ni uniti 60. Kwa nyumba ya usharika yenye taa chache na jokofu moja, hilo ni ongezeko ambalo mhazini ataliona, hivyo ni vyema kikundi kikubaliane mapema nani ananunua.

Nyuma ya mashine iachwe nafasi ya mita 2, na pembeni nusu mita kila upande. Mkanda humrusha nyuma aliyeteleza, na akikuta ukuta hapo anabanwa huku mkanda ukiendelea kuzunguka. Kamba ya usalama, ile ndogo yenye kibanio, ifungwe kwenye nguo kila mara. Mtu akirudi nyuma kupita kiasi kamba huvuta ufunguo na mashine husimama. Ufunguo huo utolewe na kutunzwa juu baada ya mazoezi, na waya uchomolewe. Mwaka 2021 kampuni ya Peloton iliziondoa sokoni nchini Marekani mashine zake za aina moja baada ya mtoto kufariki kwa kuvutwa chini ya mashine na watoto wengine kujeruhiwa. Kumbi zetu zina watoto wa shule ya Jumapili, na mtoto akiona kitu kinachozunguka atakigusa.

Utunzaji ni mwepesi lakini usiporuhusiwa kusahaulika. Chini ya mkanda hupakwa mafuta ya silikoni kwa kipindi kilichoandikwa kwenye kitabu cha mashine. Mafuta ya alizeti, ya pikipiki au ya kulainishia bawaba yasitumike, yanaharibu mkanda. Vumbi letu la kiangazi huingia kwenye mota, hivyo kifuniko kifunguliwe na kusafishwa kila baada ya miezi michache, waya ukiwa umechomolewa.

Ushauri wetu kwa marafiki na kwa kamati

Marafiki wapendwa, tunashukuru kwa moyo wenu, na tunaomba msituletee mashine hizi bila kuuliza kwanza. Nyingi zina uzito wa kilo 70 hadi 120, na nafasi ya mashine moja kwenye kontena inaweza kubeba mashine nyingi za kupimia presha za mkononi pamoja na betri zake. Usharika usio na kipimo cha presha hauna haja ya tredimili. Hatutaunga mkono ombi la namna hiyo, na tunasema hivi mapema ili lisitafsiriwe kuwa ni chuki. Vilevile pale penye barabara salama, kutembea nje kunafanya kazi ile ile bila uniti hata moja, na kikundi kinachotembea pamoja baada ya mazoezi ya yoga kimeshapata sehemu kubwa ya tunachokieleza.

Yapo, hata hivyo, mahali ambapo mashine ina maana. Kina mama wa mjini wanaoogopa kutoka kabla hakujapambazuka. Wazee ambao barabara yao ya udongo huwa utelezi mtupu wakati wa masika. Zahanati yenye mtaalamu wa tiba ya viungo anayewarudisha kwenye kutembea watu waliopata kiharusi, wanaohitaji vishikio pande zote mbili. Kwa maombi ya namna hiyo tupo tayari kukaa na kamati na kutafuta mfadhili.

Kamati inayotaka kuomba iandike idadi ya wanakikundi, siku wanazokutana, jina la muuguzi au mganga anayewapima, mahali mashine itakapowekwa, na namna umeme utakavyolipiwa. Barua ipitie kwa mchungaji wa usharika na ofisi ya jimbo. Mfadhili naye atutumie kwanza picha ya kibao kilichobandikwa karibu na waya wa mashine, chenye volti na ampea zake, pamoja na kitabu cha maelekezo kama bado anacho. Maombi ya msamaha wa kodi huandaliwa kabla mzigo haujaondoka bandari ya huko, hivyo picha hiyo itufikie kabla kontena halijafungwa.